Mchaichai Hautaki Kivuli: Tuliyojifunza Bariadi



Mwezi wa Julai mwenzetu mmoja wa upande wa Wete alitujia ofisini na fungu la mchaichai limefungwa kwa ukindu. Majani yake yalikuwa marefu kupita kiasi, membamba, na rangi yake imepauka. Alituomba tuyafikiche tunuse. Tukafanya hivyo, na kwa kweli harufu ilikuwa ndogo mno, kama nyasi za njiani. Akatuuliza: "Mimi nina mvua, nina samadi, na nimeupanda mahali pazuri kabisa, chini ya mikarafuu yangu. Kosa langu ni nini?"

Twakiri mbele ya wanachama wote kwamba siku ile tulimjibu vibaya. Tulimwambia azidishe samadi. Yeye akashukuru, akaenda zake, na bila shaka alizidisha samadi kama tulivyomwambia. Jawabu la haki tulilipata mwezi mmoja baadaye, mbali sana na mikarafuu, katika nchi ambayo haina hata mkarafuu mmoja. Ndiyo maana leo twaandika habari hii kwa urefu, ili mwanachama mwingine asipotezewe wakati kama tulivyompotezea mwenzetu.

Safari ya nchi ya pamba

Mwezi wa Agosti tulikwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kutazama maonyesho ya wakulima ya Nane Nane katika viwanja vya Nyakabindi. Viwanja hivyo vina sifa, kwa kuwa sherehe za taifa zilifanyika hapo mwaka 2018, 2019 na 2020. Kutoka Dar es Salaam njia hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, kisha huiacha njia kuu ya Mwanza pale Mwigumbi, ikaelekea Maswa na Bariadi. Lami sasa imefika mpaka Lamadi, karibu na Ziwa Viktoria.

Mkoa huu ni mchanga kwa umri. Ulitangazwa mwaka 2012. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sehemu yake kubwa ilikuwa zamani ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Wenyeji wengi ni Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe, na zao lao la fedha ni pamba, kama letu lilivyo karafuu. Simiyu huongoza mikoa yote ya Tanzania kwa pamba. Mgeni wa visiwani akipita barabarani wakati wa mavuno huona marobota na magunia meupe kila kituo, akakumbuka majamvi ya kwao.

Lakini hali ya nchi ni nyingine kabisa. Sisi Pemba hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka. Wao, sehemu nyingi, hupata baina ya 600 na 900, na upande wa Meatu huweza kupungua zaidi. Mvua zao huanza Oktoba au Novemba, hulegea Januari na Februari, kisha hurudi mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo ni jua tupu mpaka mwaka wa pili wa mvua. Nchi iko juu, kwani hata Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Usiku huwa na baridi, na mchana jua hupiga bila kizuizi.

Miti nayo ni michache. Wakati wa utawala wa Kiingereza mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa kusudi kumfukuza mbung'o, na baadaye kuni na mashamba ya pamba vikamaliza mengine. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, nao uliwarudisha wakulima kwenye desturi yao ya kale ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yasimame, yasaidie mifugo wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Twaomba mwanachama alikumbuke neno hili ngitili, maana tutalirudia.

Mashina matatu nyuma ya bafu

Katika maonyesho tulijuana na mama mmoja mkulima, mkaazi wa kijiji kisicho mbali na Nyakabindi, naye akatualika kwake. Tulifika asubuhi, tukasalimiwa "Mwangaluka," tukajibu kadiri ya ulimi wetu, wakacheka. Kiangazi kilikuwa kikali. Uwanja ulikuwa mweupe kwa vumbi, mabua ya pamba yamekwisha kung'olewa, na ng'ombe wakitafuta majani yasiyokuwapo. Katika ukavu huo wote tuliona kijani mahali pawili tu: ua wa minyaa uliozunguka kibustani, na ndani ya ua ule safu za mchaichai.

Tukafikicha jani moja. Jani lilikuwa fupi, gumu, na kwenye ncha limeanza kuwa la rangi ya kutu kwa ukavu. Lakini harufu yake ilitujaa puani, ikabaki vidoleni mpaka tulipokula chakula cha mchana. Hapo tulitazamana. Yule mwenzetu wa Wete ana mvua mara mbili na zaidi kuliko mama huyu, ana samadi kama yeye, na mchaichai wake haunuki. Kitu gani anacho mama huyu ambacho mwenzetu hana? Kilikuwa juu ya vichwa vyetu, kinatuunguza: jua.

Mama alitueleza habari yake. Alianza na mashina matatu nyuma ya bafu la makuti ya mtama, ambapo maji ya kuogea yalikuwa yakipotea bure. Yalikuwa ya chai ya nyumbani tu. Kisha ukaja msimu wa pamba wa mwaka 2019, ambao wakulima wengi walikawia kulipwa. Pamba ilikwisha kupimwa, fedha haikuonekana kwa miezi. Mtoto wake wa kike alikuwa karibu kuingia sekondari, na nyumbani hapakuwa na shilingi ya daftari wala sare. Siku moja alikata majani, akayafunga mafungu madogo, akayapeleka mjini kwa wauza chai. Yakanunuliwa yote. Wiki ya pili akaulizwa: "Mama, yale majani yako wapi?"

"Pamba hulipa mara moja kwa mwaka," alituambia, "lakini sukari huisha kila wiki."

Mchaichai haukumpa mali, wala hakutwambia hivyo. Ulimpa fedha ndogo ndogo katika miezi ambayo fedha kubwa ilikuwa imezuiliwa, na mtoto akaingia skuli siku moja na wenzake. Kwa sisi wenye karafuu maneno haya si mageni. Kila mmoja wetu aujua mwaka ambao mikarafuu huzaa kidogo baada ya kuzaa sana, na nyumba ikasubiri.

Mmea wenyewe

Mchaichai, ambao wataalamu huuita Cymbopogon citratus, ni aina ya nyasi. Ni jamaa wa muwa, mahindi na mtama. Mkulima akiufahamu ukoo huu amekwisha kufahamu nusu ya ukulima wake. Kama muwa, haupandwi kwa mbegu, maana hutoa maua kwa nadra sana. Hupandwa kwa vichipukizi vilivyobanduliwa katika shina la zamani. Kama mtama, hupenda joto na jua kali, huvumilia ukavu ukishashika mizizi, na hauwezi kukaa katika maji yaliyosimama. Asili yake ni nchi za Asia ya Kusini, na huko ndiko ulikotoka kuenea pwani zote za joto. Ni mmea wa kudumu: ukitunzwa huishi miaka 4 au 5 kabla ya kuhitaji kupandwa upya.

Harufu yake ni mafuta yaliyofichwa ndani ya chembe ndogo za jani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kiasi cha asilimia 70 hadi 85, ni kitu kiitwacho sitrali, ambacho hutumika katika sabuni na manukato. Mmea huyatengeneza mafuta kwa nguvu uipatayo katika jua. Ukiuweka kivulini hurefuka kulitafuta jua, majani yakawa membamba na maji mengi ndani yake, na mafuta yakapungua. Samadi haiwezi kulipa deni la jua. Samadi nyingi kivulini huongeza majani matupu tu, na hilo ndilo kosa tulilomshauri mwenzetu.

Wanachama wataona kwamba desturi ya mchaichai ni kinyume cha karafuu mara mbili. Mche wa mkarafuu hutaka kivuli ukiwa kitaluni na hata miaka ya kwanza shambani. Lakini karafuu ikishachumwa na kuchambuliwa makonyo yake, hutaka jua juu ya jamvi. Mchaichai hutaka jua maisha yake yote. Lakini ukishakatwa hutaka kivuli. Majani yakianikwa juani hupauka na harufu huruka. Yaanikwe chini ya paa, mahali penye upepo, yametandazwa membamba, yakageuzwa kila siku mpaka yavunjike mkononi. Mwenye kushika jambo hili hatakosea.

Kosa la mbugani

Mama wa Bariadi naye alikosea kabla ya kufaulu, na alitupa ruhusa kulieleza kosa lake. Baada ya kuona mafungu yananunuliwa, alibandua vichipukizi 400. Akafikiri: nchi hii ni kavu, basi niupande bondeni kwenye unyevu. Akaupanda wote mbugani.

Wasukuma huzijua ardhi zao kwa majina, kama sisi tunavyojua kinongo, kinamo na mchanga. Juu ya mwinuko karibu na mawe hukaa luseni, ardhi ya mchanga mwepesi. Kadiri uteremkavyo ardhi hubadilika, na chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na wakati wa mvua hunata na kutuama maji. Mtaalamu Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, aliuandika mfuatano wa namna hii wa ardhi za Afrika Mashariki mwaka 1935, na wanafunzi wa udongo duniani husoma habari yake mpaka leo. Lakini wakulima walikuwa wakiujua kabla yake kwa jembe.

Basi mvua za Desemba zilipokuja kwa nguvu, maji yalisimama mbugani siku nyingi. Vichipukizi 400 vikaoza mizizi. Havikubaki hata 20. Mwaka wa pili akapanda juu ya mteremko, katika luseni iliyotiwa samadi. Akafanya matuta na kuyafunga kwa vijituta vya kukatiza, kama ilivyojaribiwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza, ili maji ya mvua yasikimbie bali yazame. Mchaichai ukashika. Kisha mbuzi wakaingia. Mbuzi na ng'ombe hawaupendi sana mchaichai kwa ukali wake, lakini njaa ya Septemba haichagui, na miguu yao huharibu kuliko meno. Ndipo akapanda ua wa minyaa. Tuliotoka visiwani tulionywa tusiukate ua ule kwa mchezo, maana utomvu wake huumiza macho vibaya.

Kwetu funzo ni hili: usiupande mchaichai katika bonde la mpunga wala katika kinamo kinachotuama maji. Kinongo ni kizuri kabisa. Mchanga pia wafaa ukitiwa samadi au majani yaliyooza.

Namna ya kupanda

Chagua shina lenye afya la mwaka mmoja au zaidi. Ling'oe zima, ulibandue kwa mkono au kisu kikali, kila kichipukizi kiwe na kipande cha tako na mizizi michache. Kata majani ya juu ubakishe kiasi cha sentimita 15 au 20, na uondoe mizizi mizee na maganda makavu. Vaa soksi kuukuu mikononi ukikosa glovu, kwa kuwa kingo za majani hukata kama wembe.

Panda mvua ikishatulia, si siku ya kwanza ya mawingu. Bariadi ni Novemba na Desemba. Kwetu ni mwanzo wa masika au wa vuli. Tia vichipukizi 2 au 3 katika kila shimo, kina cha sentimita 5 hadi 8, ukandamize udongo kwa mguu. Ukizamisha zaidi, huoza. Nafasi iwe futi 2 baina ya shina na shina, na futi 3 baina ya safu na safu. Kwa kipimo hiki eka moja huingia mashina 7,260.

Mwanachama asitishwe na hesabu hiyo. Shina moja lililotunzwa mwaka mzima laweza kutoa vichipukizi 50. Mwenye mashina 4 leo, akipanda kichipukizi kimoja kimoja na kuvitunza vyote, mwaka ujao ana mashina 200, na mwaka wa pili yake vichipukizi 10,000. Hapana haja ya kukopa fedha kununua miche. Haba na haba hujaza kibaba.

Palizi ni lazima katika miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo majani huifunika ardhi yenyewe. Tandaza majani makavu baina ya safu ili unyevu usitoke. Samadi iliyoiva itiwe mwanzo wa kila mvua. Mchwa husumbua wakati wa ukavu, khasa mashina yaliyolundikiwa takataka kavu mpaka kwenye tako. Acha nafasi ya kiganja kimoja baina ya matandazo na shina. Ukiona majani yana madoa ya rangi ya kutu yanayozidi, kata shina lote karibu na ardhi, uyachome majani yale, na uongeze nafasi ya hewa.

Kukata na kupumzisha

Mavuno ya kwanza ni baada ya miezi 4 hadi 6. Kata kwa mundu mkali, sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Ukikata chini zaidi waua macho ya vichipukizi. Wakati wa mvua waweza kukata kila baada ya miezi 2 au 3. Kata asubuhi umande ukishakauka.

Hapa ndipo tulipolisikia tena neno ngitili. Tulimuuliza mama kwa nini safu mbili za mwisho hazikuguswa, hali nyingine zimekatwa. Akajibu: "Hizo ni ngitili yangu." Mvua zikikaribia kwisha, huacha safu mbili zimesimama, na hizo ndizo za chai ya kiangazi na za miche ya mwaka ujao. Safu nyingine huzipumzisha, hazikati tena mpaka mvua. Mwenye kukata zote mwezi wa Juni, alisema, Novemba hupanda kwa miche ya kuomba kwa jirani.

Maji ya kiangazi huyapata bafuni na penye kuoshea vyombo, kwa mfereji mdogo. Hatumii ndoo hata moja ya kisimani, maana kisima ki mbali. Upo mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya za Simiyu, ambao Mfuko wa Kimataifa wa Tabianchi uliukubali mwaka 2017. Mama anautumainia, lakini mfereji wake wa bafuni, alisema, haukungoja mtu.

Soko kabla ya jembe

Tusingependa mwanachama yeyote asome habari hii jioni na asubuhi alime eka mbili. Jirani za mama huyu walifanya hivyo. Alipita mtu akiwaahidi kwamba atanunua majani yote kwa ajili ya kukamua mafuta. Wakapanda. Mtu yule hakurudi. Majani yakazidi mahitaji ya wauza chai wa mjini, bei ikaanguka, na wengine wakang'oa. Mama alisalimika kwa kuwa hakupanda zaidi ya aliowajua wanunuzi wake.

Hesabu ya mafuta ni hii. Katika kilo 1,000 za majani mabichi hutoka kilo 2 hadi 4 za mafuta, basi. Tena lazima kiwe pipa la mvuke, maji ya kupoza, na kuni. Nchi isiyo na kuni, kama Usukuma, hupata shida kwa hilo. Mabua ya pamba husaidia jikoni, lakini kanuni za pamba zataka mabua yang'olewe na kuteketezwa mapema ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine, na kwa hivyo hayafai kulimbikizwa mwaka mzima. Sisi tuna bahati, kwa kuwa Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta ya makonyo na pia ya mchaichai. Lakini hata hivyo mwanachama aulize kwanza: watanunua kiasi gani, lini, na kwa bei gani? Yafaa wanachama wa tawi moja waulize kwa pamoja, kwa kuwa sauti ya watu 30 husikiwa kuliko ya mtu mmoja, na gari moja hubeba majani ya watu 30 kwa gharama ndogo. Majani yasiyo na mnunuzi wa mafuta yakaushwe kwa chai.

Tena tuseme wazi mambo mawili. Kwanza, mchaichai uliosimama mlangoni haufukuzi mbu kama watu wanavyodhani. Mafuta yake yakipakwa huwazuia kwa muda mfupi tu. Chandarua kibaki mahali pake. Pili, chai yake huburudisha, lakini mtoto mwenye homa apelekwe hospitali.

Mahali pake katika shamba la karafuu

Hatumwambii mtu aache mikarafuu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mchaichai una mahali pake: pengo lililoachwa na mikarafuu iliyokufa, ambalo jua laingia mchana kutwa, ukingo wa shamba, kando ya njia, na katika mteremko ambapo mvua za masika huchukua udongo, kwani safu zikipandwa kukatiza mteremko huuzuia. Usiukaribishe mno na mche wa mkarafuu, maana mizizi yake hunywa maji mengi. Acha nafasi ya futi 4 au zaidi. Na mikarafuu ile michanga ikishakua na kufunga kivuli, hamisha mchaichai, usiuonee. Majani makavu na masazo ya kukamuliwa mafuta ni matandazo mazuri ya miche ya mikarafuu, na hivyo mmoja humlisha mwenziwe.

Tuliporudi tulikwenda moja kwa moja kwa mwenzetu wa Wete. Tukamwomba radhi kwa shauri letu la Julai. Alikuwa na pengo la mikarafuu mitatu iliyokauka, akilitazama miaka miwili kwa huzuni bila ya kujua la kulifanyia. Vuli ilipoanza alibandua mashina yake, akaupanda mchaichai katika pengo hilo, na kandoni, mbali kidogo, akatia miche ya mikarafuu iliyofunikwa kwa makuti. Machache aliyaacha kule kivulini kwa kujaribu.

Mwezi wa Machi alitujia tena ofisini na mafungu mawili ya ukindu. Hakusema neno, aliyaweka mezani tu. Fungu moja lilikuwa refu na limepauka. La pili lilikuwa fupi. Hatukuhitaji kulifikicha.